Duka la baiskeli za mtumba Ngong Road: muuzaji nyota mbili, fundi wa nyuma nyota tano

Hii baiskeli nimekaa nayo karibu mwaka sasa na kila wiki lazima mtu anisimamishe pale Westlands aniulize niliitoa wapi na ilikuwa pesa ngapi, basi wacha niandike yote mara moja nipumzike. Jina la duka sitaweka juu kuna mambo mawili matatu hapa chini si ya kusifia mtu na mimi sitaki kesi. Ni duka moja la ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, upande wa Ngong Road, ukiuliza wenye wanaendesha watakuelekeza tu.

Kwanza mjue niko Uthiru na kazi iko Westlands, kama kilomita tisa hivi, na nilichoka na matatu. Sikuchoka na nauli, nilichoka na kukaa Kangemi dakika arobaini nikiangalia mtu wa baiskeli ananipita, ananunua njugu, anamaliza njugu, bado tuko hapo. Nikasema mwezi wa nane mwaka wa 2025 hautaisha kabla sijanunua yangu.

Sasa duka. Ukiingia mbele baiskeli zimeangikwa kwa dari kama mbuzi wa bucha, za barabara upande moja, za mlima upande ingine, na kule kwa mlango zimepangwa zile za Japani zenye kikapu mbele na kiti cha mtoto nyuma. Zote ni za kontena kupitia Mombasa. Ukipita hadi nyuma kuna banda la mabati, huko ndio kwa fundi, mzee hivi wa makamo, haongei sana, ukutani amebandika picha ya gazeti ya Biniam Girmay, yule wa mbio za baiskeli wa Eritrea, akivuka laini ya ushindi na mikono juu. Nataka mkumbuke hii ramani ya mbele na nyuma juu hilo duka ni kama maduka mawili.

Huku mbele nilipokewa na muuzaji. Kijana smati, mdomo una mafuta. Kabla sijafungua mdomo wangu alikuwa ameshanivutia moja ya kikapu, ya rangi ya waridi, "madam hii ndio ya wamama, hata shopping unaweka." Nikamwambia nataka ya barabara, yenye usukani wa kukunja, nataka siku moja nifike Magadi Road nayo. Akaniangalia juu chini, akateremsha moja nyeusi inang'aa mpaka unajiona, akaanza. Ati imefika jana. Ati ilikuwa ya mzee mmoja wa London alikuwa anaendesha Jumapili tu akitoka kanisa. Ati gia ni Tiagra, daraja ya juu kidogo ya Shimano. Ati hata Froome, yule bingwa wa mbio za baiskeli, alianza na kitu kama hiyo. Bei elfu sitini na tano, lakini kwa sababu ni wewe madam, hamsini na nane.

Nikapanda. Vidole vya miguu ndio viligusa chini na bado nilikuwa najinyosha kufikia usukani kama mtu anachuma maparachichi. Nikamwambia hii ni kubwa. Akasema, "hapana, utaizoea, tutateremsha kiti tu." Na unajua ilikuwa nzuri kwa macho, nilikuwa karibu nitoe simu nilipe. Kilichoniokoa ni simu yake yeye, akapigiwa akatoka nje kuongea, na ile sauti kutoka kwa mabati ikasema polepole, "Siste, kiti kinashuka. Hiyo chuma ya juu haitafupika."

Alikuwa ni fundi, nikaenda nyuma. Aliniuliza urefu, nikamwambia mita moja na sitini na tatu. Akanisimamisha kwa ukuta bila viatu, akaniambia nibane kitabu cha risiti katikati ya miguu nikivute juu kabisa, akapima kutoka chini hadi kwa kitabu, akasema wewe ni wa fremu ya saizi 52, labda hata 50 kwa kampuni zingine, ile unauziwa huko mbele ni 56. Halafu akaileta ile nyeusi kwa stendi yake akanionyesha vitu ambavyo mimi ningeviangalia mwaka mzima na nisivione. Kwanza alipitisha ukucha kwa rimu pale breki inashika, akaniambia nami nipitishe, pako na bonde. Akasema rimu ya breki za mpira huliwa kidogo kidogo kila ukishika breki, ikibonyea hivyo siku moja itapasuka na pengine uko kwa mteremko. Akachukua kale kachuma ka kupimia cheni, kakazama chote bila kusita, yaani cheni imevutika, na cheni ikivutika inakula na meno ya kaseti, zile gia za nyuma, kwa hivyo ukibadilisha cheni peke yake itaruka ruka. Na hiyo Tiagra? Akapangusa krenki na kitambaa, imeandikwa Sora, daraja ya chini ya Tiagra. Akanifunza hesabu yake ya haraka, ati kwa hizi za miaka ya karibuni Claris gia nane nyuma, Sora tisa, Tiagra kumi. Hesabu mwenyewe uone. Nikahesabu tisa. Huyo mzee wa kanisa wa London alikuwa anaenda kanisa la mbali sana.

Sasa swali langu, na nilimuuliza: kwani wewe hufanyi kazi hapa? Akacheka. Akaniambia baiskeli mbaya ikiuzwa inarudi kwake, hairudi kwa muuzaji. Mtu analeta malalamishi kwa banda, si kwa mdomo.

Akaniambia kuna moja kwa rundo huko kona, haijapanguswa, rangi imekwaruzika yote, jina la kampuni limekwanguka nusu. Ya kijani ya chupa. Saizi 52, Sora kweli, rimu ziko sawa, fremu ya alumini haina ufa (aliigonga kwa pete akiskiza, na akanionyesha mahali pa kuangalia ufa, pale chuma zinaungana chini ya usukani na pale pedali zinashikilia), foki ya mbele, ule uma wa kushika gurudumu, ni ya kaboni. Taya, yaani tairi, ndio zilikuwa zinaonekana mpya lakini ukizikunja ukuta wake una nyufa nyufa kama kisigino cha kiangazi, hizo ni za kukaa stoo miaka, hazijatembea ila mpira umezeeka. Hizo lazima zitoke.

Muuzaji aliporudi akanipata nimekalia hiyo ya kijani na uso ulibadilika kidogo. Akaanza kuisifu pia, sasa hiyo mbaya ya kona imekuwa ndio ya maana. Alitaka hamsini na tano. Tulivutana karibu saa nzima, nikaenda mpaka kwa stage nikarudi, tukaishia elfu arobaini na moja, ndani yake cheni mpya, kaseti mpya, taya mbili za upana wa milimita 28 na tyubu zake. Mnaweza kusema niliibiwa, mimi sisemi hivyo.

Vita ikawa risiti. Aliandika "baiskeli 1" na bei, basi, akang'oa karatasi. Nikamwambia aweke namba ya fremu, ile imechongwa chini pale katikati ya krenki, unaipata ukiigeuza miguu juu. Akasema hiyo haina haja, hakuna mteja huwa anaitisha. Nikakataa kulipa mpaka akaandika. Tafadhali mfanye hivi popote mnanunua, ikiibiwa huna namba utaambia polisi nini, ati ni kijani? Na pia ukisimamishwa uambiwe hiyo ni ya wizi, hiyo karatasi ndio itakuongelea. Nyota yake ya kwanza nilimpunguzia hapo.

Ya pili nilimpunguzia kwa helmeti. Alikuwa ananiuzia helmeti ya mtumba shilingi mia nane. Helmeti imeumbwa iumie mara moja kwa niaba ya kichwa chako, ikishaanguka ile foomu ya ndani inaweza kuwa imepasuka na nje iko safi kabisa, na wewe huwezi kujua imeangukaje huko ilitoka. Nguo mtumba sawa, viatu sawa, fremu sawa. Helmeti nilinunua mpya kwingine.

Wiki ya kwanza Waiyaki Way. Mambo mawili ya hizi ex-UK hakuna mtu aliniambia mbele, yote niliambiwa nyuma. Moja, breki. Za Uingereza mkono wa kulia ndio breki ya mbele, sawa na pikipiki, lakini za Marekani ni kinyume, kushoto ndio mbele. Fundi aliniambia nisiazime baiskeli ya mtu bila kuuliza. Na kweli mwezi wa kumi niliazima ya rafiki iliyotoka Marekani, bodaboda akakata mbele yangu Kangemi, nikabana kushoto kwa nguvu nikidhani ni ya nyuma, nusura nipae juu ya usukani nitue kwa nyanya za mama mboga. Mbili, valvu. Hizi za barabara zina ile valvu nyembamba yenye kakichwa ka kufungua, mashine ya upepo ya petrol station haiingii. Nilisimama hapo Uthiru na jamaa wa petroli tunaangaliana. Kumbe kuna kakifuniko ka shaba unakaza juu yake ndio mashine ishike, fundi alinipa mbili bure, moja iko kwa funguo za nyumba mpaka leo. Huko mbele zilikuwa zinauzwa mia moja kila moja, niliona kwa kioo. Sikusema kitu.

Kuhusu hiyo njia ya pembeni ya Waiyaki Way, ile ya watu na baiskeli, nisiwadanganye, tunaigawana na bodaboda, mikokoteni, mahindi choma na magari yameegeshwa. Kinachotoboa huko mara nyingi hata si misumari. Ni zile nywele za waya za taya za lori zilizopasuka, nyembamba kama sindano, hutaiona. Ukipata pancha usiweke tyubu mpya kabla hujapapasa taya kwa ndani polepole na kidole, waya hubaki hapo hapo ikingojea tyubu ya pili. Hiyo somo nililipa tyubu tatu kwa siku moja.

Wiki ya tatu spoki ikakatika, nyuma, upande wa cheni. Ni shimo, nakubali, lilikuwa limejaa maji nikalidharau. Nikarudisha. Muuzaji alikuwa ameniahidi garanti ya miezi tatu, kwa mdomo, na sasa mdomo huo huo ukaniambia "spoki ni kitu ya kuvunjika madam, hiyo haiko kwa garanti." Nyota ya tatu ikaenda hapo. Fundi akaichukua bila maneno. Kulikuwa na spoki za Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, kwa kopo, nikamuuliza si aweke moja hizo, akanikatalia, unene si sawa na urefu si sawa, na upande wa cheni nyuma ndio spoki zimekazwa zaidi kuliko zingine zote, ukiweka ya kubahatisha itavuta gurudumu zima liende pembe. Akaweka ya saizi yake, akaweka gurudumu kwa stendi, akawa analizungusha akigusa gusa vinipo, vile vinati vya kukaza spoki, robo zamu, robo zamu, macho nusu yamefungwa kama mtu anaskiza redio. Dakika ishirini. Aliniitisha mia tatu. Mpaka wa leo hiyo gurudumu haijayumba.

Lakini pia yeye si malaika. Januari nilipeleka servisi ya kila kitu, elfu mbili, akaniambia kesho jioni. Kesho ikawa keshokutwa, ikawa "siste beringi za katikati nimeagiza", ikawa siku tisa. Siku tisa za Kangemi na mtu wa njugu. Simu alikuwa anashika, hiyo nampa, hakunizimia, lakini kama baiskeli ndio gari yako ya kazi mwambie kabisa akuambie ukweli wa siku, na akisema kesho uliza kesho gani.

Sasa Magadi Road. Jumapili tuliondoka watu sita, tukapitia Karen, Ngong, Kiserian, tukapanda mpaka Corner Baridi ambapo upepo unakuchapa mpaka unajua jina lilitoka wapi, halafu ukishuka upande ule wa pili unaona Bonde la Ufa lote limefunguka na unasahau una madeni. Kushuka baiskeli ilitulia, breki sawa, sikuskia kitu inalia. Shida ni kurudi. Ilikuja na meno hamsini na thelathini na nne mbele, hiyo ni sawa, lakini nyuma kubwa kabisa ilikuwa ishirini na tano, hiyo ni gia ya mtu wa tambarare za Uingereza. Nilishuka nikasukuma. Mbuzi wakanipita, mtoto mwenye mbuzi akanisalimia shikamoo. Nikarudi kwa banda Jumatatu nikiwa na hasira nikataka kaseti ya thelathini na mbili. Akaniambia nitakupea, lakini huo mkono wa nyuma wa kubadilisha gia ni mfupi, hautaibeba hiyo thelathini na mbili, cheni itakwama au italegea. Akatafuta mrefu wa Sora kwa makopo yake, wa mtumba, elfu tatu na mia tano. Na kaseti. Na wakati wa kupanga. Jumla ilifika karibu elfu saba na ingekuwa vizuri kama angeniambia siku ya kwanza, na nilimwambia hivyo, akasema siku ya kwanza uliniambia unaenda Westlands. Ni kweli. Magadi nilikuwa nimemwambia mtu wa mbele.

Sasa nakuja kwa kitu chenye kinanirudisha hapo hata kama baiskeli haina shida. Mashindano. Kwa banda kuna televisheni ndogo imefungwa kwa nguzo na waya, na siku za mbio mnakaa kwa vikreti. Mwaka huo wa 2025 mwezi wa tisa mbio za dunia zilikuwa Kigali, mara ya kwanza kabisa kuletwa Afrika, na nilikuwa na baiskeli ya mwezi mmoja kwa hivyo nilikuwa na kiherehere ya mtu aliyeokoka juzi. Jumamosi ya wanawake nilifika mapema sana, nikasahau Kigali wako nyuma yetu saa moja. Nikamsaidia kuosha cheni na mafuta ya taa tukingojea.

Hiyo siku Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda na hakuna mtu kwa banda alikuwa amemtaja. Vigogo walibaki nyuma wakiangaliana, kila mmoja anangoja mwenzake avute, na fundi akawa anapigia skrini kelele "nyinyi ongeeni tu, huyo anaenda!" Huyo mzee haongei lakini siku ya mbio anaongea na watu hawamskii. Ndio alinieleza nisiangalie tu mwenye yuko mbele, niangalie nani anakunywa, nani ameacha kupokezana, nani bega zimeanza kucheza kwa kile kilima cha mawe cha Kimihurura. Jumapili wanaume, kilomita mia mbili sitini na saba na nusu, banda likajaa mpaka muuzaji akafunga mbele akaja. Pogačar wa Slovenia alienda peke yake kilomita zaidi ya sitini zikiwa bado, akashinda, na waliomaliza wakawa thelathini peke yake. Muuzaji akaanza zile zake za Froome. Fundi, bila kugeuka, akamwambia Froome alizaliwa hapa Nairobi na akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017, na hakununua kitu kwa duka hili. Tulicheka mpaka mtu akaanguka na kreti.

Mimi wangu ni Kim Le Court wa Morisi. Aliposhinda Liège–Bastogne–Liège, ile mbio ya Ubelgiji, mwezi wa nne 2025 na halafu kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour ya wanawake mwaka huo huo, mimi nilikuwa bado sina baiskeli, nilikuwa naangalia kwa simu kwa matatu. Nilitoa picha yake kwa saiba shilingi ishirini nikampelekea fundi. Ameibandika kando ya Girmay. Picha ya Girmay ni ile ya 2024, Turin, ile siku alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, akaenda akaongeza mbili na akarudi na jezi ya kijani ya pointi. Fundi ananiambia baiskeli yangu ni kijani kwa sababu hiyo. Mimi najua ni kwa sababu ilikuwa kona na hakuna mtu aliitaka.

Mambo madogo madogo nimalizie. Choo hakuna. Jumamosi mchana usiende kununua, kumejaa na fundi hana wakati na wewe. Za watoto sikuangalia. Malipo ni kwa simu, namba ya till, na hakikisha jina linalotokea ni la duka. Za mlima ziko nyingi na mtu mmoja wa kuendesha msitu wa Karura nilienda naye alipata moja ya elfu ishirini na nane, anafurahi, ila yeye alifuata mlango wa nyuma moja kwa moja.

Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano. Fundi hufika saa mbili asubuhi, muuzaji huingia saa nne. Nje ya geti kuna mama wa chai na mandazi, nunua vikombe viwili uingie navyo nyuma. Cha fundi hakiwekwi sukari.